Nilimweka Mama Mkwe Ukurasa wa Mbele

Mpendwa mshauri, shikamoo. Miaka yote nimekuwa nikisoma majibu yako na kucheka matatizo ya wenzangu, leo zamu yangu imefika, naomba unisaidie na usinionee haya, maana nimechoka, kazini nimechoka, nyumbani nimechoka, hata kujitazama kwenye kioo nimechoka.

Kazi yangu ni kusanifu tovuti, na msimu huu wa kampeni ofisi yetu ilipata kazi ya mgombea anayetaka kliniki ya wazazi ya mtaani kwetu ifungwe na kina mama wawe wanakwenda hospitali kuu, ila kwenye tovuti yake neno kufunga hulikuti hata ukilitafuta kwa tochi, bosi wetu, ambaye tunamwita Haraka kwa sababu neno jingine halijui, alisema tuandike "Huduma zote chini ya paa moja", basi nikaandika, nikapaka rangi ya kijani tulivu, nikaweka kitufe kikubwa cha "Naunga mkono" katikati ya ukurasa, na anayepinga nikamwekea maandishi madogo ya kijivu kule chini kabisa, "Maoni mengine", ambayo hata mimi niliyeyaweka huwa nayatafuta.

Sasa wakati nachora ukurasa wa mbele palihitajika picha ya mwanamke mtu mzima mwenye uso wa kuaminika, mpiga picha alikuwa hajaleta zake, na sisi wasanifu tumezoea kuchomeka picha yoyote ishike nafasi kwanza, nikafungua simu yangu nikachukua picha ya mama mkwe aliyopigwa siku niliyotoka kujifungua, amempakata mjukuu wake, anacheka hadi jino la mwisho linaonekana, nikamkata mtoto ili picha itoshe, mikono ya mama ikabaki imekunjwa kifuani kama ya mtu aliyeridhika na dunia, nikaiweka chini ya maneno "Tumewasikiliza kina mama". Nilikusudia kuitoa, wallahi. Haraka alipoiona akasema huyo huyo, asiguswe, nami nikanyamaza kwa kuogopa kuonekana mzembe, na kesho yake ukurasa ukawa hewani.

Mshauri, mama mkwe ni mkunga mstaafu, nusu ya mtaa imepita mikononi mwake, na ndiye aliyekuwa akiwaongoza kina mama kupinga kliniki kufungwa. Sasa wanasema amenunuliwa. Wamefanya mkutano bila kumwambia, na dukani mwanamke ambaye mama mwenyewe alimzalisha watoto wake wote alimgeuzia uso kama hamjui. Siku hizi hatoki, anakaa sebuleni anakunja nguo ambazo zimeshakunjwa. Nyumbani hakuna anayejua kwamba tovuti ile imetoka ofisini kwetu, na picha ile familia nzima tunayo. Kichwani mwake aliyeitoa ni shemeji yangu, kitindamimba wake, kwa sababu ana marafiki huko kwenye kampeni, kijana wa watu ameapa mpaka sauti ikamkauka, hakuaminiwa, amekatazwa kukanyaga nyumbani, na mume wangu amesimama upande wa mama yake.

Juzi mama alivuta kiti akakaa karibu yangu, akaniambia kwa upole, "Wewe unazijua hizi kompyuta, mwanangu. Nitafutie aliyenifanyia hivi. Nataka kumuuliza tu nilimkosea nini." Nikamjibu nitatafuta, Mama.

Lakini mshauri, kwenye ukurasa ule hakuna uongo hata mmoja, picha ni ya kweli, na kina mama walisikilizwa kweli, walikaa ukumbini wakasema yao wakaambiwa asanteni. Nikisema ukweli nitapoteza kazi na pengine ndoa. Uchaguzi uko karibu, si bora ninyamaze upite, watu watasahau? Nifanyeje?

Mkamwana aliyechoka

*

Marahaba, mkamwana. Na mimi nimechoka, kwa hiyo tutaelewana.

Nakuonea huruma, nalisema hilo kwanza kwa sababu mengine yatakuuma. Hukuamka asubuhi ukapanga kumwangamiza mama mkwe wako. Uliweka kitu kwa muda, bosi akakipenda, ukakosa ujasiri wa kufungua mdomo. Wengi wetu tumewahi kukosa ujasiri kwa bosi. Ila wengi wetu tukirudi nyumbani hatumkuti tuliyemuumiza amekaa sebuleni anakunja nguo.

Sasa hili la kwamba hakuna uongo, usiliseme tena, hasa mbele yake. Mketishe mtu katikati ya wafiwa uone kama hatapewa pole. Hakuna atakayemuuliza, kiti kimeshamsemea. Wewe kazi yako ni kupanga viti, mwanangu, na umeisomea. Ulijua kitufe cha kijani kitabonyezwa na maandishi ya kijivu hayatasomwa, vinginevyo usingeyaweka hivyo. Na ulijua mikono ile haikuwa imekunjwa. Ilikuwa imembeba mwanao.

Eti usubiri watu wasahau. Watasahau tovuti. Hawatasahau kwamba mkunga aliwauza, kwa sababu hilo sasa linasemwa midomoni mwa watu, halikai tena kwenye kompyuta. Na huku unasubiri, shemeji yako anatumikia kifungo chako, na mama anaendelea kuongeza chuki kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe. Hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote na kwenye barua umeipitia kwa sentensi moja tu.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, kabla mumeo hajarudi, kaa na mama mkwe. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wewe unamficha mkunga! Hakuna atakachokiona kwako ambacho hajakiona. Mfungulie picha nzima, yenye mtoto, kisha mfungulie ile uliyoikata, halafu useme "niliiweka mimi". Usiseme iliwekwa. Usimtaje Haraka mpaka akuulize. Atakasirika, mwache akasirike, na asipokujibu kitu usimbembeleze akusamehe siku hiyo hiyo. Kisha mpigie shemeji yako simu mbele yake. Mumeo umwambie jioni, naye hana budi kwenda kumwomba mdogo wake radhi.

Kazini, usiitoe picha kimya kimya. Ukiitoa hivyo watu watasema mgombea amemtumia mama wa watu na kumtupa. Mwandikie bosi kwamba mwenye uso hakuulizwa na anapinga kliniki kufungwa, na kwamba mahali pale pale, kwa herufi kubwa zile zile, paandikwe hivyo. Kusahihisha kwa kijivu huko chini hakukubaliki. Akikataa, uso ni wa mama, atakwenda kuudai mwenyewe na wewe utakuwa shahidi wake. Kazi inaweza kupotea, sitakudanganya. Tovuti za kusanifu zipo nyingi. Mwanamke wa kumpakata mwanao siku ya kwanza huyu ndiye uliyepewa.

Halafu nenda kwa wale kina mama. Usiwatumie ujumbe, usiwatengenezee ukurasa mzuri wa kuomba radhi. Mkutano wao unaofuata, simama mbele yao, mama mkwe akiwa ameketi, useme ni nani aliyeiweka picha ile na kwa nini alinyamaza. Baadhi yao watakugeuzia uso. Vumilia. Yeye amevumilia siku zote hizi, na hakuwa na kosa.