Mashine Isiyojua Kupuliza

Tata,

Mota zimeshuka bei. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniudhi kila nikiamka. Zile mota ndogo tulizoziangalia kwenye simu, mimi na wewe, tukaguna tukazima simu, sasa zinauzwa mjini Kisii kwenye duka la spea za redio, zimemwagwa kwenye beseni kama nyanya. Nilizishika nikataka kulia, kisha nikataka kumgombeza mtu. Mbona hazikushuka ukiwa hai, baba yangu?

Basi nimeumaliza ule mkono wa mashine tuliouanza, wa kukwangua jiwe la sabuni ili mchongaji akae mbali na vumbi lililokuua. Umenitoa jasho. Gia za bei hiyo ni za plastiki na zinacheza. Kwenye bega zinacheza kidogo tu, unene wa unywele, lakini kufika kwenye ncha, tupa iliyofungwa hapo imeshakata sikio la kiboko wa kuchonga. Viboko niliowaharibu Mama anawapanga kando ya jiko, anawaita viziwi. Nikapima, nikachapa upya vishikizo kwenye printa ya plastiki pale chuoni, nikapima tena. Sasa mkono umetulia.

Wiki jana nikamwita Nyakundi aujaribu. Kaka yangu anakalia kigoda chako tangu tukuzike, na asubuhi anakohoa kama wewe. Mkono ukakwangua mgongo wa kiboko vizuri kabisa, yeye amesimama mlangoni na barakoa usoni. Nikafurahi, Tata. Kisha mkono ukasimama, naye akaja mbio, akashusha barakoa, akainama mpaka pua karibu iguse jiwe, akapuliza. Vumbi lote likamrudia usoni.

Nilimfokea mpaka majirani wakachungulia. Akanijibu, "Sasa nisipopuliza, mstari nitauona aje?"

Ni kama nilikusikia wewe. Unakumbuka barakoa niliyokuletea kutoka soko la Daraja Mbili? Uliigeuzageuza, ukaniuliza, "Nikivaa hii nitapuliza na nini?" Nikadhani ni ukaidi wa uzee. Kumbe kupuliza ni kazi, sawa na kukwangua. Nilipima mikono yako yote miwili, Tata, kila kiungo, na mdomo sikuupima.

Nimechoka kukasirika. Nina hasira na bei, na Nyakundi, na wewe pia, uliyekuwa ukipuliza huku ukicheka kana kwamba kifua ni cha kuazima.

Kesho nateremka mjini Ogembo kutafuta feni ndogo. Nitaifunga kwenye ncha ya mkono, ipulize yenyewe, na upande wa pili nitaweka bomba la kunyonya vumbi. Ikikataa nitaifungua nianze upya. Nyakundi na aninunie akitaka.

Pumzika, Tata. Nakupenda, hata nikiwa na hasira hivi. Ila usimngoje Nyakundi huko. Nimeapa kumchelewesha.

Binti yako,
Moraa