Takataka Nilizorudisha

Goma, mwisho wa mwezi wa tisa

Kwa Mama yangu, pale Kindu,

Assalaam aleikum wa rahmatullah. Ninatumaini karatasi hii itakukuta muzima, wewe na wifi yangu Asha na watoto wote wa hapo nyumbani. Magoti yanasemaje? Ile dawa ya kupaka niliyotuma, Asha aliniambia uliwagawia majirani mpaka chupa ikakauka. Mama, wewe kweli! Sisi huku tuko. Wajukuu wako wanakua, wa kwanza ananipita sasa kwa mabega, na yule mudogo ameota tena meno ya mbele, anacheka ovyo na watu asiowajua. Courant ya umeme inakuja na kuondoka inavyotaka. Shule imefunguliwa, ninafundisha darasa la tatu, na watoto wananisikiliza kuliko wakubwa wanavyonisikiliza.

Utauliza kwa nini ninaandika wakati simu iko. Simu yako inashikwa na Asha, na Asha hajui kuongea bila kuweka sauti juu ili nyumba yote isikie. Habari hii sitaki uisikie katikati ya watu. Nimempa barua Yuma, yule dereva wa kwenu, nimemuapisha aiweke mukononi mwako wewe mwenyewe. Tafadhali Mama, uisome ukiwa umekaa.

Unajua ninachotaka kusema ni juu ya bwana yangu Djibril. Toka ile asubuhi ya mwezi wa kwanza, mabomba yalipokauka muji muzima na risasi zilipotulia kidogo, akachukua bidon mbili kwenda kuchota maji ziwani, sikumuona tena. Nilizunguka hospitali zote. Niliingia pahali wanapoweka maiti, nikafunua nguo na mukono huu, nikarudi nyumbani nikiwa sina bwana na sina maiti. Wewe uliniambia mwanao yuko hai, kwamba mutu alimuona Uvira akipakia magunia, na mwingine alimusikia kwa simu ya mutu mwingine tena. Ulinikataza kukaa eda. Ulisema siku nitakapojifunga nguo ya eda nitakuwa nimemuua kwa mukono wangu. Nilikutii, Mama. Nimevaa vitenge vyangu vya maua, nimekwenda kazini, nimewajibu wanaouliza bwana anarudi lini. Sijui kama umewahi kufikiri mwanamuke anaishi namna gani akiwa si muke na si mujane.

Sasa usishangae nikikuambia kwamba mwezi huu nimeongoza watu kuokota takataka. Ndiyo, mimi. Chini ya shule yetu kuna bustani ya watu wote, kando ya ziwa, ile ambayo zamani maarusi walikuwa wanakwenda kupigwa picha. Siku hizi ni aibu. Chupa za plastiki, vifuko vya sachets, viatu vya upande moja, pampers za watoto wa tajiri na maskini bila ubaguzi. Niliwaza kuita watu siku moja, mwenye kupenda aje, tusafishe. Mwalimu mwenzangu Pascasie, anayefundisha darasa la nne, alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniuliza kama katika muji huu, kwa mambo yote tuliyoona, mimi nimeona chupa tu. Lakini yeye ndiye aliyekwenda kutangaza kanisani kwao, kwa sababu Pascasie anakucheka kwanza kisha anakusaidia.

Ruhusa ilinitoa jasho. Chef wa avenue, mukubwa wa mutaa wetu, alitaka kujua nani yuko nyuma yangu. Nilimwambia hakuna mutu nyuma yangu. Akasema hakuna mwanamuke anayeamka tu asubuhi akataka kufagia bustani ya serikali, lazima yuko mutu. Nilikwenda na kurudi mpaka mulinzi wake akawa ananiita shemeji. Mwisho alikubali, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayetangaza habari kwanza, na kwa sauti yake.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenezeka, sijui niseme namna gani. Unajua salongo yetu ya huku, ile kazi ya usafi ya lazima: siku ya salongo maduka yanafungwa, kila mutu anatoka na jembe lake, na asiye na jeton ya kuonyesha kwamba alifanya kazi anasumbuliwa njiani. Watu walivyosikia neno usafi likitoka mudomoni mwa chef, walijua ni salongo nyingine. Siku yenyewe, Jumamosi, badala ya marafiki kumi niliowangojea, bustani ilijaa. Walikuja wazee na vikongwe, alikuja hata mama mwenye mimba kubwa akiburuta ufagio. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyecheka. Kila mutu alinijia kwanza kuniuliza jeton zitatolewa saa ngapi.

Niliwaeleza kwamba hii ni kazi ya kujitolea, asiyetaka aende zake, hakuna atakayemuuliza. Muzee moja anaitwa Védaste, aliyekuwa na ng'ombe zake Masisi na sasa hana hata kamba ya kufungia, alinitazama kwa huruma. Akasema toka azaliwe hajasikia chef anaita watu halafu inakuwa mwenye kupenda, na akaomba niandike jina lake mapema kwa sababu macho yake hayaoni vizuri jioni. Niliona haya, Mama. Lakini sikuwafukuza. Niliwagawia mifuko, nikawapanga kwa mustari, nikawaambia waanzie majini wapande juu, wasiache jiwe bila kuligeuza. Pascasie aliniuliza takataka gani hiyo inayokaa chini ya mawe. Nilijifanya sikusikia.

Saa za muchana tulikuwa tumemaliza ufuko wote. Mifuko ilipangwa kando ya barabara ikingoja gari tuliloahidiwa. Lilibaki rundo moja kubwa kwenye pembe ya bustani, karibu na ukuta, la majani ya migomba na nguo kuukuu na uchafu wa soko, refu kuliko mutu. Tulilishambulia wote pamoja. Likapungua, likapungua, mpaka tukaanza kuona mawe meusi chini yake. Si mawe ya kutupwa. Yalikuwa yamepangwa.

Hapo alikuja mama moja akikimbia, sinia ya samaki wa sambaza kichwani. Anaitwa Nyiramahirwe, mutu wa Kalengera aliyekimbilia kambi ya Mugunga kwa sababu ya vita, kisha akapanga chumba jirani na bustani, anauza samaki pale kwenye kona. Aliweka sinia chini, akapanda, akaketi juu ya yale mawe. Tulimwambia atoke. Alikataa. Watu walimutukana, wengine wakasema anatuchelewesha jeton. Na mimi, Mama, mimi mwalimu, nilimupigia kelele mbele ya watu wote kwamba ni muchafu na anapenda uchafu. Alinivuta mukono mpaka sikio langu likafika kwenye mudomo wake, akasema taratibu kwamba chini yake kuna watu.

Sasa nikuambie ukweli ambao sikumwambia Pascasie wala chef. Sikuita watu kwa sababu ya chupa. Mwezi wa saba, mama moja kwenye foleni ya maji alisema kwa kupita tu kwamba waliokufa ziwani wiki ile ya risasi walifichwa bustanini, na nilipomuuliza wapi, akainama kupanga bidon zake. Mwanamuke peke yake akigeuzageuza mawe kando ya ziwa atakamatwa siku hiyohiyo. Watu wengi wakigeuza mawe wakiwa na mifuko na mafagio, huo ni usafi. Na nilipoona wamekuja kwa hofu ya jeton, niliwaacha na hofu yao, kwa sababu wenye hofu hawaachi jiwe. Nilitumia woga wa vikongwe kumutafuta bwana yangu. Mungu ataniuliza.

Niliwaambia watu kazi imekwisha. Nilikata daftari ya shule vipande vipande, nikaandika sahihi yangu, nikawapa kuwa jeton, wakaondoka wakishukuru. Nikabaki na Nyiramahirwe. Akanieleza kwamba wiki ile walikuwa wanaokota watu kando ya maji, yeye na kijana wake Janvier na majirani wawili. Makaburi yalikuwa mbali na njia zilifungwa. Udongo wa pale ni lava tupu, jembe halipiti. Waliwalaza chini, wakawafunika kwa mawe. Halafu mbwa walianza kuja. Basi wakamwaga uchafu wa soko juu, wakawaomba majirani wote wamwage hapohapo, kila siku, ili harufu ipotee na mutu asiulize. Lile rundo lililokuwa linanichukiza kila nikipita na watoto wa shule, watu walilijenga kwa upendo.

Nilimuuliza kama kati yao alikuwa mwanaume murefu. Akasema warefu walikuwa wawili. Nikamuuliza juu ya mikono. Akainua kidole chake gumba cha kuume, akasema moja alikuwa hana kucha hapa. Mama, kidole kile unakijua kuliko mimi, wewe ndiye uliyekifunga siku mulango ulipokibana akiwa mutoto. Akaendelea kusema kwamba walimukuta na kofia mufukoni, wakajua ni Mwislamu. Alisikia kwamba sisi tunazikwa na nguo nyeupe, akakwenda nyumbani akatoa pazia la dirisha lake. Na alisikia kwamba lazima tutazame Maka. Hakujua Maka iko wapi, ila alisikia ni ng'ambo, na kwake ng'ambo ni upande wa pili wa ziwa. Basi wakamulaza ubavu, uso ukitazama maji. Kibla yetu iko nyuma yake, upande wa volkano. Sikumwambia. Nilimushika miguu nikalia.

Kumutoa haiwezekani. Wako pamoja, na kuomba ruhusa ni kutaja waliowazika, nao watakamatwa. Shehe wetu alikuja na wanaume wawili, wakasimama pale pembeni wakielekea mulima, Djibril akiwa mbele yao chini ya mawe. Sala ya jeneza haina kuinama, kwa hiyo waliopita waliona watu watatu wamesimama tu.

Gari la takataka halikuja siku ile ya usafi. Asubuhi yake mbwa walikuwa wamekwisha kufika. Nikafungua mifuko, Mama, moja baada ya mwingine, nikaimwaga tena juu yake. Nyiramahirwe alinisaidia, na Pascasie pia, safari hii bila kucheka. Chupa, majani, pampers, vyote. Watu wa avenue wananisema sasa, kwamba mwalimu alileta watu kusafisha na pamekuwa pachafu kuliko mbele. Ukisikia hayo huko, nyamaza.

Nilimwambia shehe kwamba sasa nimejua, nitaingia eda. Akasema eda inahesabiwa toka siku ya kifo, si toka siku ya habari. Miezi minne na siku kumi ilikwisha kupita. Imekwisha, binti yangu, alisema, hauna deni. Ilipita nikiwa nimevaa maua, nikisema anarudi. Nilikuwa mujane, nikamaliza kuwa mujane, na sikuambiwa. Sikuachiwa hata siku moja ya kumulilia ndani ya nyumba yangu kama wanawake wengine.

Lakini kwako wewe Mama hakuna hesabu. Mama wa mutu hana eda, hana mwisho. Fungua mulango, tandika mikeka, ita watu. Mulilie mwanao, na unililie na mimi humohumo, kwa sababu yangu imekwisha.

Wajukuu wanakusalimia, bado sijawaambia. Nisalimie Asha na wote wanaoniulizia, na uangalie magoti yako siku za kukaa chini. Tuombeane.

Ni mimi mukwe wako,
Alima