Rangi ya Tatu

4 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo huko? Na shingo, bado inakuuma kwa kuinamia darubini? Sisi tupo, ila kuwapo kwenyewe ndiko huku wodini.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunalia wote wawili, hakuna anayesikia kitu. Mwanangu amezaliwa mlegevu kama nguo iliyotoka majini. Hainui mkono, halii, anapumua kwa mpira uliopitishwa kooni. Wauguzi wamembandika jina la Bi Mkubwa, eti kwa vile hajisumbui na lolote, anangoja kuhudumiwa. Nacheka nao, halafu nakwenda kulia chooni.

Leo wamemkata kipande kidogo cha nyama ya paja. Daktari anasema kinakuja kwenye maabara yenu, na dereva wa sanduku la barafu ndiye huyu aliyekukabidhi barua. Nijibu kwa mkono wake. Ukiona chochote, niambie mapema.

Dada yako

12 Februari

Dada,

Salamu kwako na kwa shemeji. Shingo iache, ina mwenyewe.

Kipande kimefika. Swali la daktari wenu ni moja: misuli ya mtoto ina aktini? Hizo ni nyuzi za protini ambazo musuli hujivuta kwazo. Bila aktini haukunji wala haukunjui. Kazi yangu unaijua, napaka rangi inayong'ang'ania kitu inachokitafuta na kung'aa chini ya darubini. Nimepaka jana. Dada, kioo chote kilikuwa kijani. Aktini ipo tele. Tulia, ugonjwa utakuwa kitu kingine, pengine chepesi. Mkuu wangu hajatazama bado, lakini nimeshindwa kukuweka ukingoja.

Mdogo wako

15 Februari

Mdogo wangu,

Mungu akuzidishie afya. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama koridoni, nikairudia nimekaa. Shemeji yako amerudi kwenye cherehani yake, mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe, na amemkatia gauni la kutambalia.

Nilimwambia daktari. Alinitazama tu, akasema tusubiri ripoti. Mbona hakufurahi? Toka hapo nimekaa roho juu.

Dada yako

21 Februari

Dada,

Hujambo. Nimeandika hilo nikijua utakuwa hujambo mpaka mstari unaofuata.

Nilikurupuka. Rangi niliyopaka hushika aktini ya aina yoyote, na aina ziko sita. Karibu kila seli mwilini ina ya kwake, hata zisizo za misuli. Seli za ngozi hujishikilia umbo kwayo, chembe nyeupe za damu hutambaa kwayo. Kile kijani hakikusema lolote juu ya aktini ya misuli ya mikono na miguu. Mkuu wangu alipotazama aliniuliza tu, "Umetumia chupa gani?" Nikaona aibu hadi vidoleni.

Tukapaka rangi ya pili, inayoshika ile ya misuli hiyo peke yake. Kipande cha mtu mzima mwenye afya, kwenye kioo hicho hicho, kiling'aa. Cha mtoto kilikuwa giza.

Mdomo wangu umekuponza wewe. Nisamehe.

Mdogo wako

24 Februari

Mdogo wangu,

Hatujambo. Ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nikayasugua vizuri. Gauni liko juu ya cherehani, limekatwa, halijashonwa. Shemeji yako hataki kuligusa wala kulitupa.

Nataka jibu moja, na safari hii mkuu wako atazame kwanza. Moyo nao ni musuli. Kama mwanangu hana aktini ya misuli, moyo wake utasimama lini? Katikati ya mwezi ujao watamtoa mpira waone kama atapumua mwenyewe. Akishindwa, wameniambia nijiandae. Hawakusema nijiandae na nini.

Dada yako

3 Machi

Dada,

Pole na wodi, pole na mimi. Mkuu wangu ametazama, akatazama tena, akasaini. Ndipo naandika.

Moyo una aktini yake, inayotoka kwenye jeni nyingine kabisa, yaani maelekezo mengine ya urithi, na hiyo haina kasoro. Moyo wake hautasimama kwa hili.

Lipo na jingine. Mtoto akiwa tumboni, misuli yake ya mikono na miguu hutumia sana aktini hiyo hiyo ya moyo. Akishazaliwa, misuli huipunguza mpaka ikabaki kidogo. Kwa hiyo tukapaka rangi ya tatu, inayoshika ya moyo tu, kwenye nyama ile ile ya paja. Iling'aa. Misuli ya Bi Mkubwa haijaiachia.

Haimaanishi amepona. Hakuna anayejua kama itatosha kushika nafasi ya ile aliyoikosa, wala kama itadumu. Naogopa kukutia moyo, na naogopa kutokukutia. Niandikie wakishamtoa mpira.

Mdogo wako

22 Machi

Dada,

Habari za huko? Nauliza kweli.

Dereva amekuja tena mikono mitupu. Nimemuuliza kama amekuona, akasema yeye hupokea sanduku mlangoni tu. Simu naishika, naiweka. Najua nikisikia sauti yako nitajua kabla hujasema, na sijawa tayari. Kazini naharibu vioo. Andika hata neno moja, hata la kunitukana.

Mdogo wako

26 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Shingo je?

Sikuandika kwa sababu nilijifunza kwako: nilitaka nitazame mara mbili. Walimtoa mpira, akapumua, jioni akachoka wakamrudishia. Nikasema basi. Wakamwacha apumzike, wakamtoa tena. Nilikuwa nimeshika kidole chake, midomo ikaanza kubadilika rangi, daktari akasogea. Nikasikia kitu kama kipaka chini ya kitanda. Niliinama kukitafuta. Muuguzi akaniambia, "Mama, ni mwanao huyo." Alikuwa analia. Sikuwa naijua sauti yake.

Mpira haujarudi. Bado ni mlegevu, kunyonya hawezi, na mimi kila saa natazama kifua kama kinapanda. Naogopa, na nadhani nitaogopa mpaka anizike. Wauguzi wanasema Bi Mkubwa sasa anadai huduma kwa makelele.

Shemeji yako anashona lile gauni. Ameniuliza urefu. Nimemwambia aache pindo la kutosha, la kufungua akikua.

Dada yako