Blanketi Letu la Sufu Lafika Ndanai

Dada Nafula,

Umeamkaje huko Kitale? Huku Ndanai mvua haijakatika tangu asubuhi, na mimi nimekaa jikoni nakunywa mursik, maziwa yao ya kugandishwa kwenye kibuyu, na kukusengenya.

Jana nilimpa mama yake Kiprono lile blanketi ulilonichagulia. Nikamwambia kwa maringo, "Mama, hii ni sufu halisi." Kumbe huyu mama mkwe wangu mtarajiwa amefuga kondoo na kusokota sufu tangu usichana wake. Alivuta uzi mmoja kwenye ukingo, akauweka juu ya makaa. Uzi ukayeyuka, ukawa kidonge cheusi.

"Sufu ikiungua inanuka kama nywele," akasema polepole. "Hii inanuka kama jerikeni. Ni polista."

Kiprono akaangalia dari. Mimi niliona harusi yangu ikiyeyuka pia, basi nikasema ukweli haraka: "Mama, ni dada yangu aliyechagua."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Leo amenipa kapu la manyoya ya kondoo, ananifundisha kuyachambua kwa vidole kabla ya kuyasokota yawe uzi. Mikono yangu inanuka zizi. Blanketi lenyewe amejifunika, anasema baridi haiulizi kama ni polista.

Kwa hivyo harusi ipo. Njoo mapema, dada yangu mpenzi, na Mungu akulinde njiani. Majirani wote wana hamu ya kukuona. Wanakuita Mama Polista.

Mdogo wako,
Nekesa