Kenta ya Baba Mdogo na Kitufe cha Breki

Maskati,
Mfungo Tano

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mwakeye, mama, kama tunavyoamkiana kwetu. Naanza na goti lako: bado linauma asubuhi, au ile dawa ya kuchua niliyotuma imelituliza? Kuku wamebaki wangapi baada ya kideri? Maharage ya mvua za kwanza yameshaota? Mimi huku ni mzima, nakula, nalala, nasali. Joto limepungua, siku hizi naweza kutoka nje adhuhuri bila kujuta. Kazi ni ileile ya ukumbi wa michezo kwenye jumba la maduka. Nafuta vumbi mashine za gemu, nafagia, na kila asubuhi kabla wateja hawajaingia nazijaribu moja moja kama zinafanya kazi. Ndiyo, mama, mwanao ana miaka ishirini na tisa na analipwa kucheza gemu. Majirani wakikuuliza, sema nafanya kazi ya mitambo.

Kabla sijafika mbali: barua hii anakuletea Shabani wa Bi Mwanahawa, jirani yetu wa sokoni, anayekuja likizo. Nimemwambia akupe mkononi mwako, na akwambie kwa mdomo kwamba Yusufu asikusomee. Najua tangu marehemu baba atutoke mdogo wangu ndiye macho yako, na anasoma barua zangu kama mtangazaji wa mpira, hata habari za mafua yangu zinakuwa fainali. Lakini hii mpe Mwalimu Neema, mpangaji wako, mkiwa wawili tu. Niliyoandika yanamhusu Yusufu, na yananihusu mimi zaidi.

Mama, nilikudanganya. Nilikudanganya wewe na baba mdogo Idi. Siku ile tulipokula pilau ya kuniaga, baba mdogo aliniuliza mbele ya watu kama Yusufu anajua gari, nikamjibu, "Anajua. Nimemfundisha mwenyewe." Kwetu neno la kaka mkubwa halipimwi mara mbili. Baba mdogo akasema, "Basi yameisha, nikinunua gari dereva ninaye." Nikakuona umetabasamu, na ule ulikuwa mwaka wa pili tangu Yusufu amalize kidato cha nne, yupo yupo tu. Sikupata nguvu ya kuirudisha kauli yangu.

Ukweli ni kwamba nilimfundisha kwenye gemu. Kwenye lile banda letu la gemu nyuma ya duka, mbele ya televisheni yenye mstari wa kijani. Nilikuwa utingo wa lori la kwenda kambini Nyarugusu, nikijua gari kwa kulipakia na kulisukuma linapokwama, na nilijiona mwalimu. Nilimwambia huu ndio usukani, huu ndio moto wa kuongeza mwendo, hivi ndivyo kona inavyokatwa. Mpaka leo naona aibu nikikumbuka sauti niliyokuwa naitumia.

Utasema gemu ni gemu, mtoto gani hajui? Ngoja nikueleze, maana hata mimi nimelijua huku.

Ile gemu yetu ya zamani, gari lake lilikuwa limegandishwa barabarani. Unaingia kwenye kona kwa mwendo wote, unabonyeza upande, gari linageuka. Ukigonga ukuta linaruka kidogo na kurudi njiani, taa hazivunjiki, dereva hafi. Ndiyo maana vijana wa banda letu walibuni mtindo wa kulalia ukuta. Kona ikiwa kali hupunguzi mwendo, unalitupa gari kwenye ukuta wa nje, linausugua, ukuta wenyewe unakugeuza. Aliyekanyaga breki alizomewa. Na pedi ile nyekundu ya kuchezea, ya Yusufu, kitufe chake cha breki kilikufa mwaka wa kwanza wala hakuna aliyejisumbua kukitengeneza. Wateja walikuwa wakisema, "Breki ya nini?" nasi tukacheka. Mdogo wangu amejifunza kuendesha miaka mitatu bila breki, mama, na akawa bingwa wa Kasulu nzima.

Hapa ukumbini kuna mashine mpya, zina kiti, usukani na pedali tatu. Asubuhi yangu ya kwanza niliketi kwa maringo. Nikaingia kwenye kona kama tulivyozoea, gari likaendelea mbele kana kwamba sikukata usukani. Likagonga, tairi la mbele likapinda, mchezo ukaisha. Nikarudia. Nikakanyaga breki huku nakata kona, mkia ukanizunguka nikawa natazama nilikotoka. Wiki nzima ilipita kabla sijamaliza mzunguko mmoja. Mlinzi wetu, Babu Salimu, mzaliwa wa Pemba aliyeendesha malori huku tangu ujanani, alikuwa anasimama nyuma yangu na kikombe cha kahawa, akicheka mpaka anajishika mbavu.

"Wallahi wewe ungekuwa dereva wangu, ningeshuka nikaenda kwa miguu," aliniambia. "Breki hufungwa kabla ya kona, si ndani ya kona. Ukifunga, uzito wote waja mbele, nyuma kwabaki kwepesi. Matairi yale kazi yao moja kwa wakati mmoja: ama yasimamishe, ama yageuze. Wewe wayataka yote mawili."

Nikamwambia sasa nimeelewa, gemu hizi mpya ndizo zenye gari la kweli. Akatikisa kichwa. "Hata hiyo nayo yadanganya. Haina magunia nyuma. Lori lenye mzigo likiteremka mlima, mwanangu, wewe hulipeleki, lakupeleka."

Nilicheka naye siku ile. Sasa sicheki, kwa sababu baba mdogo amenunua Kenta, lori dogo la mizigo, amempa Yusufu funguo, na mvua zimeanza. Nasikia alimjaribu uwanja wa mpira, mbele na nyuma, akaridhika. Uwanja wa mpira hauna mlima, mama.

Juma lililopita nilimpigia. Alikuwa na furaha hata nikashindwa kuanza. Ameshakwenda Munanila, kule milimani, kuchukua maharage, safari yake ya kwanza akiwa na mzigo. Nikamuuliza kona aliziona vipi. Akasema, "Tulia broo, ni kama gemu tu. Kuna moja gari iligoma kukata, nikailaza kwenye ukuta wa udongo, ikanyooka yenyewe. Imechubuka kidogo ubavuni, nikapaka tope, mzee hajaona."

Kona ile ilikuwa na ukuta wa udongo upande wa nje. Kona nyingine za milima ile upande wa nje zina bonde.

Nikamweleza habari za uzito, za matairi, za breki kabla ya kona. Akanisikiliza kwa adabu kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. "Kaka, gemu za huko zimekutisha," akasema. "We si nilikuwa nakuacha mbali?" Ni kweli, alikuwa ananiacha mbali.

Nikampigia baba mdogo. Kabla sijafungua mdomo akaanza kunishukuru: "Umenipa dereva, Rajabu, Mungu akuzidishie." Nikasema barabara zinateleza msimu huu, labda Yusufu angekaa kwanza utingo. Akacheka sana. "Umeanza wivu na mdogo wako? We mwenyewe si ndiye uliyeniambia anajua?" Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, mama, na sikusema. Niliogopa kuitwa mwongo mbele ya ukoo. Nikamtakia baraka nikakata simu.

Nawe kukupata peke yako siwezi. Simu yako inachajiwa bandani, anaipokea Yusufu. Nikikupata, unapenda uweke sauti ya nje wote wasikie. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Na sasa nasikia kwamba Maulidi hii unakwenda Kibondo kumwona dada Mwajuma na kichanga chake, na baba mdogo amesema utakaa kiti cha mbele kwenye Kenta, magunia ya watu yakiwa nyuma, utakwenda kama malkia, na mwanao akikuendesha. Yusufu aliniambia umeshafua kanga ya kuvaa. Mama, nakuomba usipande. Panda basi, goti liumie, utalichua. Na umwambie baba mdogo amnyang'anye funguo, umwambie Rajabu alidanganya, ukubali anichukie. Mimi nipo mbali, hata nikipiga kelele hapa wanaonisikia ni walinzi.

*

Mama, niliiacha kalamu juzi nikidhani nimemaliza. Leo Shabani amekuja kuchukua barua, na mambo yamegeuka. Mkewe aliyeko Dar anaumwa, kwa hiyo atabaki huko wiki mbili au zaidi. Barua itawekwa kwenye kifurushi chenye kanga na dawa yako, kitakuja kwa basi. Na vifurushi vyetu, kama unavyojua, vinapokelewa bandani kwa jina la Yusufu. Tena Shabani amepata habari kwamba Mwalimu Neema amehamishiwa Nyabibuye tangu mwezi uliopita, chumba chake kiko wazi.

Nilitaka kuichana nikaanza upya. Lakini ndege ya Shabani ni jioni hii, na ningeandika nini kingine?

Basi Yusufu, ni wewe. Ni wewe unayesoma. Naona hata mlivyokaa, mama kwenye kigoda amenyoosha mguu, wewe mlangoni kwenye mwanga. Kama umefika hapa kwa sauti, ahsante, wewe ni mwanamume kuliko mimi. Kama uliruka, kama ulimsomea habari za kuku na joto la Maskati ukatunga mengine, mimi sitajua. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Sikulaumu. Kuna jambo sijawahi kukwambia. Pedi nyekundu nilikupa mimi kwa makusudi. Nilijua kitufe cha breki kimekufa, nikachukua ile nzima, kwa kuwa nilitaka nikushinde. Ulikuwa mdogo, hukuuliza. Ukajifunza kulalia kuta kwa sababu kaka yako alikuacha bila njia nyingine, ukanishinda hivyohivyo, na nikakusifu kwa watu kana kwamba ni kazi yangu. Umahiri wako wote wa gari umetoka kwenye hila yangu. Siandiki kwa wivu, mdogo wangu. Naandika kwa sababu nakupenda, na kwa sababu nimeona gari linavyokataa.

Sikuombi uniamini mimi. Nakuomba kitu kimoja, hakigharimu chochote. Hapa chini nimekuandikia sentensi moja. Isome kwa sauti yako ya kila siku, si ya utangazaji, mama akiwa anakutazama. Ukishaisoma utakuwa umeshaisema, na aibu itakuwa nusu yako nusu yangu:

"Mama, mimi Yusufu gari nimejifunza kwenye gemu, na kwenye mteremko sijui kulisimamisha."

Hiyo tu. Baada ya hapo mama atajua la kufanya, kama ambavyo hujua siku zote.

Mama, nisalimie baba mdogo Idi, na umwombe radhi kwa niaba yangu kabla ya salamu. Msalimie dada Mwajuma na shemeji kule Kibondo, unibusie kichanga, mjomba wake anamtafutia nguo za joto. Msalimie Bi Mwanahawa, mwambie mwanawe amenitunza huku kama ndugu. Msalimie bibi mzaa baba kule Titye, kama bado ananikumbuka mwambie bado nachukia kisamvu. Na wewe uniombee dua, maana za kwangu nahisi hazivuki bahari.

Ni mimi mwanao, uliyenibeba na kunilea,
Rajabu

Yusufu, barua imeishia hapa. Kama umefika mwisho bila kuisoma ile sentensi, rudi juu uitafute. Mama hana haraka, atakungoja.