Adhabu ya Kukaa na Watoto

Handeni,
13 Julai 1975

Kwa Kaka Mhina, Mazinde

Shikamoo kaka. Natumaini vidole vyako vyote bado viko mahali pake na mashine ya kiwandani inakula mkonge tu. Shemeji Zamda na watoto wote nawasalimu. Sisi huku tuko wazima. Mama hajambo, ila goti lake la kushoto linatabiri mvua isiyonyesha, na lawama zote anaipa Handeni.

Barua yako nimeipata. Nimejua uliiandika kwa hasira, maana kalamu imetoboa karatasi penye neno "mtoro". Unasema habari zimefika mpaka huko kwamba mdogo wako nimekuwa mvivu wa kijiji na jina langu linatangazwa kila mkutano wa Jumamosi. Tena Mzee Hiza amekutumia salamu kuwa binti yake Hamisa haolewi na mwanamume anayekimbia jembe, kwa hiyo uje uichukue posa uliyoipeleka. Unaniuliza kama nina akili. Akili ninazo kaka, na nyingine za akiba. Mtu aliyekuwa utingo wa lori mpaka Nairobi, akala vyakula ambavyo kwa darasa langu la nne siwezi hata kuyaandika majina yake, hawezi kuogopa kuvuna mahindi. Hebu kaa chini nikueleze, na usimsomee mtu.

Tulipohamishiwa hapa kijiji kilijenga nyumba ya watoto, ili mama zao wafanye kazi bila kubeba mtu mgongoni. Wazo zuri, hata mimi nilipiga makofi. Ikaja shida ya nani akae na hao watoto. Mwenyekiti wetu, Bwana Stefano, akasema mtu mwenye nguvu hawezi kupotezwa humo, nguvu ni za shamba. Jumamosi ni kazi ya wote, watoto wanabaki na bibi zao. Basi ikapitishwa kwamba atakayetoroka kazi ya Jumamosi, jioni atangazwe mkutanoni, na adhabu yake iwe kukaa na watoto wiki nzima. Wazazi wenyewe walinyoosha mikono kukubali. Kaka, nimetembea miji mingi mimi, lakini sijaona mahali watu wanamtafuta yule asiyefaa kushika jembe, halafu wanamkabidhi wanao.

Wiki hii tunapewa mlevi, wiki ijayo mgonjwa wa kusingizia, wiki ya tatu mama mmoja aliyegombana na kijiji kizima na anawaangalia watoto kana kwamba wao ndio waliomshitaki. Uji unapikwa ukikumbukwa. Wilaya ilileta mpira na vibao vya rangi vya kujifunzia, Mwenyekiti akavifungia ghalani pamoja na dawa ya pamba, eti visichafuke. Vinatoka siku ya wageni. Siku hiyo watoto wanaogeshwa, wanaimba wimbo wa kilimo, mgeni anatabasamu, na kabla vumbi la gari lake halijatulia mpira umesharudi ghalani. Nilimwambia Mwenyekiti mpira ule utazeeka haujapigwa teke. Akaniambia nisichezee mali ya umma. Nikamjibu kwamba hilo ndilo ninalolalamikia, haichezewi.

Sasa mwezi wa tano nikaenda pale kuazima debe. Nikamkuta Habakuki, mwenye adhabu wa wiki ile, anakoroma. Watoto amewafunga kamba ya katani viunoni, mmoja nyuma ya mwenzake, mpaka kwenye nguzo. Nilipomwamsha akanieleza bila aibu kwamba hataki mtu aanguke kisimani, na kwamba baba yake alichunga mbuzi hivyo hivyo na hakupotea hata mmoja.

Mwisho wa kamba alikuwa Simaloi, mtoto wa Moreto, katika wale wafugaji waliohamia upande wa bwawani. Ana miaka minne hivi. Kiswahili alikuwa hajui, na tangu aletwe hakuna aliyemsemesha. Nguo yake imelowa. Wenzake walikuwa wanalia, yeye alishaacha. Alinitazama kama mtu anayetazama lori lisilo lake likipita. Nikamfungua, naye akabaki amesimama palepale, kama bado amefungwa. 

Nikaenda kwa Mwenyekiti kuomba kazi ile niifanye mimi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema mwanamume mwenye mabega ya kupakia magunia anaomba kulea? Nikaiomba tena mkutanoni, Mzee Hiza akauliza mbele ya watu kama nimeshaanza kunyonyesha. Mkwe wangu huyo.

Hapa ndipo penye jambo ambalo hata mama hajui. Jumamosi iliyofuata niliamua kutoroka. Nikakaa barazani nachana nywele, mahali ambapo Mwenyekiti lazima apite. Jioni nikatangazwa, nikahukumiwa. Nililalamika sana kaka, nikaomba nipewe hata kuchimba vyoo. Wakakataa kabisa. Tangu hapo kila Jumamosi nachana nywele, na kila hukumu naipokea kwa uso wa mfiwa, maana Mwenyekiti akijua adhabu naipenda ataniondoa. Mzee Hiza siwezi kumwambia, wanakula sahani moja.

Wale watoto sasa wana basi. Nimelaza magogo wanakaa juu, mimi ndiye kondakta. Tunaondoka Handeni, tunapita Korogwe, Mombo, Mazinde, tunakwenda mpaka Moshi. Anayeshuka ataje mji wake na kunihesabia magunzi ya nauli. Uji ni saa nne, kwa sababu basi la heshima halipiti Korogwe abiria hawajala. Simaloi nilimsalimu kwa Kimasai changu cha minadani, akaniangalia kwa huruma. Alipanda siku nyingi bila kushuka, nami nikamwacha aende Moshi na kurudi. Alhamisi iliyopita akaligonga gogo kwa kiganja, akasema, shusha Mazinde. Ameshuka kwako huyo kaka. Ilibidi nigeuke nisafishe jicho, upepo wa huku una vumbi.

Hamisa humleta mdogo wake. Siku ile alikuwa mlangoni na mzigo wa kuni kichwani. Aliniuliza kama kweli mimi ni mvivu. Nikamwambia basi linaondoka, apishe mlango. Akalitazama basi, akaitazama nguzo isiyo na kamba, akaenda zake.

Jana mkutanoni nikatangazwa mimi, watu wakacheka kama kawaida. Halafu Mwenyekiti akakohoa, akasita, akamtaja Hamisa binti Hiza. Huyu ndiye anayemaliza mstari wake shambani kabla wanaume hawajatema mate mikononi. Hamisa akasimama, akasema ni kweli, alikuwa barazani kwao anachana nywele. Mwenyekiti hakuwa na la kufanya, akatuhukumu wote wawili. Mzee Hiza alimtazama binti yake, akanitazama mimi, akatafuna tumbaku yake yote, kisha akasema kwa sauti kwamba mtoro amempata mtoro mwenzake, waozwe upesi kabla hawajawaambukiza wengine.

Basi kaka, posa usije kuichukua, njoo uimalize. Ukifika usinitetee. Nikaripie hadharani, tena kwa nguvu, nami nitalia. Na uniletee miti ya mkonge mizigo miwili, ile iliyokauka, nataka kuwachongea watoto magari. Njiani ukiulizwa sema ni ya uzio.

Mama anasema umletee dawa ya goti na viazi vya Bungu. Mabusu kwa watoto, na shemeji nisalimie mara ya pili, yeye hunitetea.

Ni mimi mdogo wako, mwenye adhabu,
Sadala