Baba, Waliosugua Sarafu Bado Wanakuja

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua safari hii hakuna wa kuitikia, lakini ulinilea hivyo, salamu kwanza na mengine baadaye, kwa hiyo siwezi kukugombeza kabla sijakuamkia. Maana nimekuja kukugombeza. Barua hii naiacha wazi, waisome wote wanaokaa barazani kwako hapa Miyuji kila Jumamosi, na Mzee Yona naye aisome akitaka. Nimechoka kuyasema haya peke yangu jikoni.

Unakumbuka tulivyokuwa Mpwapwa? Wenzako wa mifugo walienda vijijini kuchanja ng'ombe wakarudi na kuku, au karanga za watoto. Wewe ulirudi na sarafu. Ulizimwaga mezani, Mama akasimama mlangoni na mwiko mkononi: "Hizi nazo tunazipika au tunazichoma?" Ukacheka mpaka ukakohoa. Mimi nilivuta kigoda nikakaa ubavuni kwako, ukanifundisha kushika sarafu kwa ukingo, kidole kisiguse uso wake. Ukaniambia lile tabaka jeusi ambalo watu huliita uchafu ni rangi ya umri, na kwamba likishatoka halirudi. Nilisikiliza yote. Lakini Baba, nilikaa pale kwa sababu nilikupenda wewe. Sarafu zenyewe wala hazikunihusu. Hilo sikukuambia, na nadhani hata hukulishuku.

Ulipostaafu tukahamia Miyuji ukaanzisha Jumamosi zako. Mtu yeyote mwenye sarafu ya zamani aje, anywe chai, ajue alichonacho. Na walikuja! Bado nawaona, wanakaa kwenye kona ya benchi kama watu wanaosubiri kuitwa kwa daktari, sarafu imefungwa kwenye leso. "Mzee, nimeleta rupia ya Mjerumani." Hapa kwetu kila sarafu ya zamani ni ya Mjerumani, hata ikiwa na jina la mfalme wa Kiingereza limezunguka pembeni. Wengine walishadanganywa na matapeli kwamba ina nguvu za ajabu, wanakuja na hofu juu ya tamaa. Wewe ulikuwa huiangalii kwanza. Unamwamkia, unauliza mvua huko kwao, unauliza hali ya mifugo, kisha ndiyo unanyoosha viganja vyote viwili kama unayepokea mtoto. "Aa, karibu. Senti kumi ya Mwingereza hii imetutembelea."

Hukusema amekosea. Uliendelea kuiita senti kumi, senti kumi, mpaka mwenyewe anaaga anaiita hivyo hivyo, akiamini alikuja anajua. Akisema imetobolewa, unamwambia hii ilizaliwa na tundu lake kiwandani, halafu unamletea ile shilingi iliyowahi kuvaliwa shingoni na bibi wa watu. Unampitisha ukucha kwenye tundu ausikie mkwaruzo wa msumari. Basi. Hatakosea tena maisha yake yote, na hakuna aliyemwona akikosea.

Mzee Yona anajua kuliko wewe. Usinikasirikie, ulikuwa unalisema mwenyewe. Kazi ya ukarani wa reli ilimpitisha kila kona ya nchi hii, na hakuna sarafu asiyoijua jina. Ila mdomo wake, jamani. Mgeni akisema neno moja lisilo lenyewe, yeye tayari: "Nani kakufundisha upuuzi huo?" Ulimweka mwisho wa benchi, na ukiona anavuta pumzi ya kuanza, unamsogezea sahani ya karanga. Nilidhani unamkirimu. Siku moja ukanikonyeza, ndipo nikaelewa.

Kisha ukaugua. Siku ile uliponishika mkono ulikuwa huna nguvu ya kugeuka, lakini za kuniagiza ulikuwa nazo. "Jumamosi zisife. Na usimwachie mtu anayewacheka wageni." Nikasema ndiyo, Baba. Ningesema nini? Daudi mkweo alikuwa amesimama nyuma yangu, ana wiki moja tu kabla ya kwenda kuanza kazi Songea. Tulikubaliana nimalizie mambo yako kisha nimfuate.

Mambo yako hayamaliziki, Baba. Niko ndani ya nyumba yako kama mtu aliyefungiwa na funguo ziko mfukoni mwake. Siku za kazi niko ofisini, Jumamosi niko barazani, Jumapili nafuta vumbi la Dodoma kwenye kabati lako la kioo. Nikialikwa harusini najibu siwezi, ni Jumamosi. Shangazi aliumwa Haneti, nikaenda Jumapili badala ya siku niliyoitwa. Na usiku uleule wa Jumapili nilirudi. Daudi huja likizo, anakaa nami hapo barazani, anagawa chai. Mara ya mwisho aliniambia, bila ugomvi wowote: "Wageni wako unawapokea kwa mikono miwili. Mimi nikija, mkono mmoja unafungua geti, wa pili umeshika sarafu." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Sasa uhamisho wangu wa kumfuata umekubaliwa. Natakiwa kuripoti Songea Jumatatu hii. Niliposoma nilikaa chini sakafuni pale ofisini, wenzangu wakadhani nimefiwa.

Nikajaribu, Baba, nataka ujue nilijaribu. Nikamwomba Mzee Yona aongoze Jumamosi moja, mimi nikae pembeni nitazame. Alikuja na koti. Akaja mama mmoja wa Haneti, mtu mzima, kiti alikikalia nusu. Akafungua pindo la kitenge chake, akatoa sarafu inayong'aa kama kijiko kipya. Mzee Yona hakumwamkia hata. Aliinyakua, akaigeuza mara moja, akasema, "Umeiua hii. Nani kakwambia uisugue?" Wawili watatu wakacheka. Mama akaichukua sarafu yake, akaifunga tena kwenye pindo, akasimama. Chai yake ilikuwa haijaguswa.

Nilimkimbilia na ndala zangu za ndani mpaka barabarani, nikamkuta anapatana na bodaboda. "Mama, mbukwenyi," nikamwamkia kwa Kigogo, na pumzi hata sina. Akaitikia, maana adabu yake haikuwa imeishia kule ndani. Nikamwomba samahani.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Kosa ni langu. Niliisugua kwa majivu na ndimu jioni nzima. Nyumba ya watu huendi na sufuria lenye masizi."

Tukakaa kwenye kibanda cha muuza zabibu. Nikanyoosha viganja viwili kama wewe, hata sikufikiri, mikono ilienda yenyewe. Nikamwambia jina lake, hii ni heleri, hii kweli ni ya Mjerumani. Nikamwambia habari za rangi ya umri, kwamba akipata nyingine ailete na weusi wake, hapa kwetu huo si uchafu. Alisema ilikuwa ya marehemu mama yake. Alitabasamu akiniaga, na mimi nikabaki pale na maganda ya zabibu mkononi nikijua kabisa nimejimaliza.

Mzee Yona nilimkuta bado amekaa. "Kwani nimesema uongo?" akauliza.

"Hukusema uongo, Baba mdogo. Hukumwamkia."

Simchukii. Jumamosi iliyofuata alijitahidi, akamwamkia mgeni kwa sauti ya askari wa zamu, mgeni akaonyesha kitambulisho. Wapole tulionao hawajui sarafu, na anayejua hana upole. Uliniachia kazi ya mtu mmoja na mtu huyo ni mimi.

Wiki iliyopita nikaandika tangazo: Jumamosi zimefungwa. Nilikuwa nalibandika getini wakafika wazee wawili, mume na mke, wametoka Mpwapwa kwa basi la asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope. Wameleta sarafu nyeusi tii, imefungwa kwenye jani la mgomba isiguswe. "Tumeambiwa na mama mmoja tusiisugue," mzee akasema. "Tumeambiwa tumtafute binti wa marehemu, yule anayeamkia watu." Tangazo nililishikilia nyuma ya mgongo. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilisikia geti likifungwa kwa nje. Nikawakaribisha, nikawapa chai, nikauliza mvua.

Jana nimempigia Daudi. Nikamwambia kwamba Jumatatu sitaripoti, nipe muda nipate mtu. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Mtu gani?" Nikashindwa kumtaja, kwa sababu hayupo na sote wawili tunajua hayupo. Akasema, "Sawa." Namjua mume wangu. Ile haikuwa sawa ya kukubali, ilikuwa ya mtu anayeweka chini mzigo aliochoka kuubeba.

Nimekumbuka jinsi ulivyowapokea watu kwenye baraza hii. Hakuna hata mmoja uliyempa zaidi ya alichoweza kushika siku hiyo. Mtu anayeanza, hajui kitu, ulimpa neno moja tu, ukamwacha aende nalo nyumbani, azoee, arudi akiwa tayari. Nilikupenda kwa hilo kuliko kwa jambo lolote, na bado nakupenda. Watu tayari wako nje, nasikia Mzee Yona anapanga viti, nami nitatoka kuwafungulia ingawa sitaki.

Lakini pumzika ukijua neno hili moja, Baba. Siku ile uliponishika mkono ukaniagiza, na mimi nilikuwa naanza. Nilikuwa naanza ndoa.

Ni mimi binti yako,
uliyeniacha barazani